Je, wajua kwa nini daraja la juu la rangi ya almasi ni D wala si A?

Muuzaji anapokufungulia kijisanduku cha pete ya almasi, mara nyingi hukukabidhi na karatasi yenye herufi na namba nyingi. Kwenye mstari wa rangi utakuta G, au J, au kwa mwenye bahati na mfuko mzito, D. Swali huja lenyewe: A, B na C zimekwenda wapi? Shuleni tulizoea A ndiyo ya juu. Kwenye kipimo hiki hakuna jiwe lenye A.

Jibu linatoka sokoni. Hadi katikati ya karne iliyopita, kila mfanyabiashara wa almasi alikuwa na kipimo chake. Mmoja aliyaita mawe yake bora A, jirani yake akayaita AA, wa tatu akapanda hadi AAA. Wengine walitumia namba za Kirumi, wengine waliuza kwa sifa tu za mdomo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na pale mwamba ngoma ndiye aliyekuwa pia mpimaji. Mnunuzi hakuwa na pa kushika.

Mwaka 1953, taasisi ya vito ya Marekani iitwayo GIA, iliyoanzishwa 1931 na Robert Shipley, ilitoa mfumo mmoja wa kupima rangi na usafi, kazi iliyoongozwa na Richard Liddicoat. Ili mtu asichanganye kipimo kipya na vya zamani, waliziacha herufi zilizokwisha kuchafuliwa na sokoni wakaanza na D: jiwe lisilo na rangi kabisa. Kuanzia hapo umanjano au ukahawia huongezeka kidogokidogo hadi Z. Rangi ikizidi hapo, au ikiwa ni nyingine kabisa, jiwe hutoka kwenye herufi na kupimwa kwa uzuri wa hiyo rangi yenyewe. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ni ya kundi hilo. Ilikuwa na uzito wa karati 54.5 kabla ya kukatwa, na John Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa mwaka huohuo.

Namna rangi inavyopimwa ndiyo inayonivutia zaidi. Jiwe halitazamwi usoni, maana uso wake unameremeta na mmeremeto huficha rangi. Hulazwa kifudifudi, chini ya taa maalumu, kando ya mawe ya kulinganishia yenye rangi inayojulikana, na mpimaji hulitazama kwa ubavuni. Wewe pia unaweza kujaribu: kunja karatasi nyeupe iwe kama mfereji, lilaze jiwe humo uso chini, uangalie. Lakini sharti liwe halijapachikwa. Likishakaa kwenye dhahabu ya manjano hupokea rangi ya dhahabu, na ndiyo maana kwenye pete ya namna hiyo sioni haja ya kulipia D. Jiwe la J litapendeza vilevile, na fedha iliyobaki ina kazi nyingine.

Usafi nao hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Ngazi ya juu ni FL, jiwe lisiloonekana dosari ndani wala nje. Katikati kuna VVS, VS na SI, dosari zikizidi hatua kwa hatua. Mwisho kabisa ni I3. Kwa VS, jicho tupu kwa kawaida halitaona kitu.

Kwenye uzito, neno letu moja hubeba mambo mawili na watu huumizwa hapo. Karati ya dhahabu ni usafi: karati 18 maana yake ni sehemu 18 za dhahabu halisi kati ya 24, na muhuri wake ni 750, yaani sehemu 750 kati ya 1000. Karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2. Kwa hiyo "pete ya karati 18" haikuambii chochote kuhusu jiwe. Jua pia kwamba bei ya kila karati huruka jiwe linapogusa 1.00, ilhali jiwe la duara la 0.95 limepungua upana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Nani ataiona kidoleni?

Ningebana fedha kwenye kila kitu kabla ya kuibana kwenye mkato. Rangi na usafi jiwe hutoka navyo ardhini. Mkato ni kazi ya fundi, na ndio unaourudisha mwanga machoni pako. Jiwe lililokatwa kina kirefu mno huficha uzito tumboni, unalipia karati usizoziona, na mwanga huvujia chini.

Karatasi yenyewe sasa. Maabara huiita ripoti, na haitaji bei. Inayotaja bei ni makadirio, na kama imeandikwa na duka linalokuuzia, tumerudi kwenye siku za AAA. Kuna pia cheti cha Mchakato wa Kimberley, ulioanza 2003, ambao Tanzania na Kongo ni wanachama. Hicho husafiri na shehena za almasi ghafi kuthibitisha hazikugharamia vita vya waasi. Hakisemi lolote kuhusu ubora wa jiwe lililo kwenye pete yako.

Ripoti nzuri itasema pia kama jiwe lilitoka ardhini au lilitengenezwa maabara. Yote mawili ni almasi, kalamu ya kupimia ya dukani huyasoma sawa, lakini bei zake ziko mbali sana.

Kabla ya kulipa, omba lenzi. Mawe mengi yenye ripoti huchorwa namba yake kwa leza kwenye ukingo mwembamba unaokizunguka kiuno cha jiwe. Geuza pete polepole chini ya taa hadi uione, usome tarakimu moja moja ukilinganisha na karatasi, kisha iingize kwenye tovuti ya maabara papo hapo kwa simu yako na uhakikishe uzito na vipimo vya milimita vinafanana. Ni kazi ya dakika tano, na unayo haki ya kuifanya muuzaji akiwa amesimama hapo anakungoja.