3842 au 3843? Anza na volti za kuamkia

Wiki iliyopita kaja mvuvi wa dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na drayva ya taa yake, ile inayopandisha volti 12 za betri kwenda 36 za LED. Kuna fundi kashaibadilisha chipu, ile inayowasha na kuzima mosfeti (swichi ya kielektroniki) harakaharaka, na bado haiwaki, na giza la mwezi ndo hilo limeanza, jamaa anataka kuingia ziwani usiku huohuo. Nikapima mguu wa 7 wa chipu, unaopokea umeme wake, volti 12.4, poa, mguu wa 8 unaotakiwa kutoa 5 unasoma sifuri. Nikamulika na simu nisome namba: UC3842. Ubaoni kumechapwa 3843.

Jamani ile tarakimu ya mwisho sio pambo. 3842 haiamki mpaka ipate volti kama 16, ikishaamka inazima zikishuka 10, sasa betri ya mtumbwi itazitoa wapi hizo 16? 3843 inaamka 8.4 na kuzima 7.6, hiyo ndo ya betri.

Ukiigeuza ukaweka 3843 kwenye paua saplai ya umeme wa ukutani, inapata kwikwi. Pale chipu inaanza kwa kula chaji ya kapasita mpaka waya wa pembeni wa transfoma uanze kuilisha. Chukulia kapasita ya maikrofaradi 47 na chipu inakula miliampea 15: kwa 3842, kutoka 16 hadi 10, unapata kama milisekunde 19, kwa 3843 hata 3 hazifiki, inazima, inajaribu tena, tik tik tik.

3844 na 3845 volti zake ni zilezile za 3842 na 3843 kwa mpangilio huo, ila mosfeti haiwashwi zaidi ya nusu ya kila mzunguko wa kuwaka na kuzima. Kwa hii drayva 3845 isingefaa, maana 12 kwenda 36 inataka mosfeti iwake kama asilimia 67 ya mzunguko, na kwa nusu, karenti ya koili ikiwa haikatiki, unaishia 24 tu.

Ila ukivuka nusu kuna kero yake, mapigo yanaanza kupishana, moja refu moja fupi, na koili inalia kama mbu. Dawa ni kuchota kidogo mawimbi ya mguu wa 4, unaopanga kasi ya mapigo, kupitia transista, uyaongeze mguu wa 3 unaopima karenti. Ubao wake ulikuwa nayo tayari, nikachomeka 3843 tu, taa zikawaka, na jamaa hata risasi ya kulehemu haijapoa vizuri keshaikumbatia anatafuta bodaboda.