Maji ya kijani si gugumaji

Kila Ziwa Victoria likigeuka kijani, lazima atokee mtu wa kutangaza kwamba gugumaji limerudi. Ukiitazama picha aliyoituma, jani huoni.

Chanzo ni uchafuzi wa virutubisho, yaani maji kupata naitrojeni na fosforasi kupita kiasi. Vinatoka kwenye mbolea na udongo unaosombwa na mvua, maji taka ya miji, hata vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Si sumu hiyo, ni chakula. Walaji wake wawili, gugumaji na bakteria wa kijani, ndio wanaochanganywa.

Gugumaji ni mmea kamili: lina mizizi, majani na maua ya zambarau. Asili yake Amerika Kusini, na katika Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Linaziba njia ya mitumbwi, lakini angalau linashikika mkononi, na wapo wadudu waitwao fukusi walioletwa miaka ya 1990 kulitafuna. (Likishang'olewa na kurundikwa ufukweni lioze, virutubisho vinarudi majini vilevile.)

Ule utando unaofanana na rangi iliyomwagika, wa kawaida mno Ghuba ya Winam upande wa Kenya wa ziwa hilo, ni sianobakteria: bakteria wadogo wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hao huwang'oi. Wakifa kwa wingi, kuoza kwao kunamaliza oksijeni majini na samaki wanaelea, ndipo watu wanaanza kumtafuta aliyemwaga sumu.

Kinachoniudhi si jina tu. Anayedhani tatizo ni gugumaji akiona ufuko umesafishwa, anachota maji, anachemsha, anakunywa. Baadhi ya sianobakteria hutengeneza mikrosistini, sumu inayoharibu ini, nayo haiondoki kwa kuchemsha. Moto unapasua seli na kuiachia sumu, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Mwaka 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, wanaopata maji kutoka Ziwa Erie, walikatazwa kunywa maji ya bomba na wakaambiwa wasiyachemshe pia. Gugumaji halikuhusika kabisa.

Basi ukiona majani na maua yanaelea, sema gugumaji, hujakosea. Ukiona maji mazito ya kijani yasiyo na jani hata moja, huo huenda ni mlipuko wa sianobakteria. Usiyachote, na ng'ombe wapeleke wakanywe kwingine.