Daktari yule yule, bila picha

Ukimwambia mtu kwamba Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza 1963 kuhusu Daktari, msafiri wa wakati anayebadilika mwili na hivyo kuchezwa na waigizaji tofauti, iliendelea kwa sauti tupu baada ya kukatizwa kwenye runinga mwaka 1989, atadhani ni mashabiki waliojifungia chumbani wakiigiza sauti za watu. Sivyo. Kampuni ya Big Finish ilipata kibali cha BBC, na mchezo wake wa kwanza, The Sirens of Time, ulitoka 1999 ukiwa na Peter Davison, Colin Baker na Sylvester McCoy, wale wale waliokuwa Daktari kwenye skrini.

Wala si kitabu kinachosomwa. Ni mchezo wa redio hasa: kila mhusika na mwigizaji wake, mlango unagongwa, mashine inaunguruma, mtu anahema gizani.

Aliyefaidi zaidi, kwa maoni yangu, ni Paul McGann, Daktari mwingine. Runingani alikuwa amepata filamu moja tu, ya 1996. Daktari wake alikulia masikioni mwa wasikilizaji, kuanzia 2001. Halafu 2013, katika kipande kifupi cha BBC, The Night of the Doctor, muda mfupi kabla hajabadilika mwili, anawataja wenzake wa safari: Charley, C'rizz, Lucie, Tamsin, Molly. Wote ni wa michezo ya sauti! Niliirudisha nyuma sehemu hiyo mara tatu.

Na ile hadithi ya runingani ya 2005, Dalek? Robert Shearman aliiandika akichota kwenye mchezo wake mwenyewe wa sauti, Jubilee, wa 2003.