Nani kawaambia shairi ni mtihani?

Wiki hii nimeambiwa tena. Mtu mzima kabisa, kaja nimsaidie kuchagua mashairi ya daftari lake la kusoma jioni, hajakaa vizuri ashaanza kujitetea, "mwalimu mi mashairi sielewagi, mafumbo yananishinda." Nishachoka na hii sentensi jamani. Naiandikia leo, atakayenijia nayo tena namtumia hii.

Dhana yenyewe ni kwamba shairi ni kufuli, msomaji kazi yake kutafuta funguo, asipoipata kafeli. Tumetoka nayo shuleni, soma shairi kisha jibu maswali, taja dhamira, eleza umbo, andika ubeti wa tatu kwa lugha nathari. Sisemi ni vibaya, mi mwenyewe nimefundisha hivyohivyo. Ila saa tatu usiku hakuna anayekusahihisha.

Ukweli ni kwamba mashairi yetu mengi ya zamani yalitungwa kwa ajili ya sikio. Angalia tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani (yaani silabi) 16 kila mshororo, nane ukwapi (kipande cha kwanza) nane utao (cha pili), kina cha kati na cha mwisho. Hiyo hesabu si ya kuhesabia vidole tu, ni pumzi. Unasoma nane unapumua, nane nyingine unapumua, ukifika ubeti wa tatu mabega yashashuka na labda nusu ya maneno hujayapata bado. Utenzi, lile shairi refu la kusimulia au kuusia, ndo zaidi, mizani nane nane, mishororo mitatu ina kina chake halafu wa nne unarudi na kile kilekile cha utenzi mzima, mpaka unaanza kukingoja.

Chukua Utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858, mama anaumwa, anamuusia bintiye. Beti mia na kidogo. Watu wanauogopa kwa sababu ya Kiamu chake, lahaja ya Lamu, wanafungua kamusi ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, wa sita washachoka wanafunga daftari wanasema si waliniambia. Mi nawaambia soma beti kumi tu, sauti ya chini lakini midomo itembee, usichokishika kipite. Kesho kumi zilezile. Siku ya tatu yatabaki maneno matatu manne yanayokukera, hayo ndo utafute maana yake uandike pembeni kwa penseli, basi. Mengine yatajileta yenyewe na yasipojileta hakuna aliyekufa, mi nina mashairi niko nayo miaka na kuna mishororo bado inanipiga chenga, na ndo hiyo inayonirudisha.

Kuna mmoja alinibishia sana, ati kusoma bila kuelewa ni kujidanganya. Nikamuuliza ule wimbo anaoupenda alikaa kuuchambua lini. Akanyamaza.

Dhana nyingine kuhusu mashairi nazipitia haraka maana hazinikeri hivyo.

Ati mashairi ya jioni lazima yawe ya mapenzi na mbalamwezi. Wapi. Al-Inkishafi, shairi la zamani la pwani, ni mauti na magofu ya mji wa Pate mwanzo mwisho, mshairi anausemesha moyo wake, kwenye yale madaka ya ukutani ya kupangia vyombo vya thamani sasa wanalala makinda ya ndege, na sijaona linalotuliza watu kama hilo. Linalofukuza usingizi ni lile la kukupandisha hasira, hilo lisome asubuhi.

Ati bila vina si shairi. Mshairi Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru yasiyofuata vina, 1974 na mpaka leo watu wanakunja ndita! Daftari ni lako, changanya. Ila mashairi huru yasome polepole zaidi, hakuna kina cha kukushika mkono, mshororo ukikatika na wewe katika, usiunganishe kama unasoma gazeti.

Ati lazima usome kwa mpangilio, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Hiyo ni riwaya.

Halafu hii ya "ninayo kwenye simu, skrinshoti kibao." Hapa nakuwa mkali, najua wenzangu wengine hawakubaliani nami. Skrinshoti si kuchagua, ni kuahirisha. Nakili kwa mkono, ubeti kwa ubeti, mkono ndo unakuonyesha neno ambalo jicho lilikuwa linaliruka kila siku. Na simu meseji ikiingia katikati ya ubeti ndo imetoka hiyo, hurudi.

La mwisho, kwamba daftari lazima lijae. Kuna mama mmoja mwaka mzima ana mashairi manne, kaja ananiomba radhi kabisa. Nikamwambia hebu nisomee moja. Hakufungua daftari. Alienda vizuri mpaka ubeti wa tano, akasahau, akacheka, akaanza upya.