Kupanga nyumba Harehills: yanayosemwa na yaliyopo

Tarehe 18 Julai 2024 basi liliteketezwa kwa moto Harehills, jijini Leeds, na gari la polisi likapinduliwa. Chanzo kilikuwa maafisa wa ustawi wa jamii kuwachukua watoto wa familia moja, lakini video zilizosambaa WhatsApp hazikuwa na muda wa kueleza chanzo. Tangu siku hiyo, mtu akipata chumba huko, awe mhudumu wa wazee kutoka Kenya au mwanafunzi kutoka Tanzania, hakosi ndugu wa London wa kumwambia amejipeleka vitani. Yapo ya kweli: eneo ni la watu wa kipato cha chini, nyumba zimebanana, wizi upo. Shida ni kwamba mpangaji huishia kuogopa jina la mtaa, akasahau kuikagua nyumba yenyewe.

“Nimeona kwenye ramani ya polisi, hapo pabaya”

Polisi wa Uingereza huchapisha kila mwezi ramani ya matukio, na si vibaya kuitazama. Ila nukta unayoiona haipo kwenye mlango ulikotokea wizi. Ili kuficha anwani za waathirika, kila tukio husogezwa hadi kwenye nukta ya jirani iliyopangwa mapema. Kama kona yenu ina supamaketi, wizi wa dukani utafanya mtaa mzima uonekane mwekundu. Na lile fungu kubwa la “ukatili na makosa ya kingono” limebeba pia vitisho na usumbufu wa kwenye simu, si visu peke yake. Kitu ambacho ramani haikuambii ni kwamba wizi wa kuvunja nyumba umeshuka sana England tangu katikati ya miaka ya 1990. Ukienda kuona chumba, shika kitasa cha mlango wa mbele na ujaribu kufunga madirisha ya chini. Hapo utajua zaidi kuliko kwenye ramani.

“Wanaoishi pale ni wachafu”

Hii inanikera kuliko zote, maana jibu lake limejengwa kwa matofali. Nyumba nyingi za Harehills zimeegemezana mgongo kwa mgongo: ubavuni jirani, ubavu wa pili jirani, na nyuma jirani mwingine anayetazama mtaa unaofuata. Hazina ua wa nyuma wala mlango wa nyuma. Sheria ya mwaka 1909 ilipiga marufuku kujenga mpya za aina hiyo, lakini Leeds iliendelea hadi 1937 kwa kutumia ramani zilizokwisha kuidhinishwa. Sasa pipa la taka utaliweka wapi? Linakaa barabarani au kwenye kijiua kidogo mnachogawana na majirani. Nguo nazo hutundikwa kwenye kamba zinazovuka barabara, kutoka nyumba hii hadi ile ya ng'ambo. Halafu wapangaji huhama mara kwa mara, na anayehama usiku huacha godoro lake nje. Uchafu upo, sibishi. Lakini ukiwahamishia watu hao hao kwenye nyumba zenye ua, hutaona hata nusu yake.

“Kuvu ukutani ni kwa sababu mnapika sana”

Hapa ndipo palipo na madhara ya kweli. Mwafrika akilalamika kuhusu unyevu, jibu la kwanza kutoka kwa wakala ni kwamba anachemsha maharage masaa matatu, anaanika nguo ndani na hafungui dirisha. Mvuke wa jikoni unachangia, ni kweli. Lakini nyumba hizi za zamani zina ukuta wa tofali tupu, usio na nafasi ya hewa katikati wala kizuizi cha baridi. Ukuta ukipoa, hata pumzi za watu wanne waliolala chumba kimoja hugeuka maji juu yake. Ongeza bomba la paa linalovuja na feni ya bafuni iliyokufa zamani, na kuvu nyeusi itaota hata kama hujapika wiki nzima.

Mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Rochdale mwezi Desemba 2020 kwa sababu ya kuvu iliyokuwa kwenye nyumba yao ya kupanga. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake alilalamika kwa muda mrefu, akaambiwa apake rangi juu yake. Afisa aliyechunguza kifo hicho alitoa uamuzi wake Novemba 2022, na ikatungwa sheria iliyopewa jina la mtoto huyo. Tangu 27 Oktoba 2025 inawabana wenye nyumba za kijamii, yaani za kupangisha kwa kodi nafuu, za kaunsili au mashirika ya nyumba: lazima wachunguze na kurekebisha kwa muda uliowekwa. Wenye nyumba binafsi bado haijawafikia, lakini kaunsili (serikali ya mtaa) ina uwezo wa kutuma mkaguzi na kuwaamuru watengeneze. Kwa hiyo piga picha, andika barua pepe yenye tarehe, usimalize kwa simu. Na usikubali kupakwa rangi juu ya kuvu.

“Wahamiaji wanapewa nyumba za serikali”

Wenye viza ya kazi au masomo hawaruhusiwi kuomba nyumba ya kaunsili. Waomba hifadhi huwekwa na kampuni zenye mkataba na Wizara ya Mambo ya Ndani, tena bila kuchagua mji. Ndiyo maana unamkuta Mkongomani Leeds wakati shangazi yake yuko London.

“Mgeni lazima alipe miezi sita mbele, na akifukuzwa hana la kufanya”

Kulipa miezi sita kulikuwa desturi kwa asiye na mdhamini. Sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 imeliondoa: kwa mikataba ya kuanzia 1 Mei 2026, mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele. Amana kwa kawaida haizidi kodi ya wiki tano, na lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambulika ndani ya siku 30. Kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya mahakama. Mwenye nyumba akibadilisha kitasa ukiwa kazini, ametenda kosa la jinai.

Lakini ukipanga chumba kwa mtu anayeishi humo humo na mkatumia jiko moja, ulinzi huo mwingi haukuhusu. Anaweza kukupa notisi ya muda unaofaa ukatoka bila mahakama. Watu wetu wengi huanza hivyo, kwa kaka fulani wa nyumbani, na huwa wa mwisho kuambiwa tofauti hiyo.

“Barua za madeni zinaharibu anwani”

Hakuna anwani iliyowekwa kwenye orodha nyeusi. Deni humfuata mtu, na la mpangaji aliyepita haligusi rekodi yako. Andika juu ya bahasha kwamba huyo haishi hapo tena, uitumbukize kwenye sanduku la posta. Haihitaji stempu.