Kwa nini filamu ya riwaya uipendayo hukuudhi hata ikiwa nzuri?

Aliyesoma kitabu kwanza ni mtu wa kukaa naye mbali ukumbini. Kila baada ya dakika kumi atanong'ona, "Hii kitabuni haimo." Nakiri mimi ni mmoja wao. Filamu tatu za The Lord of the Rings alizoziongoza Peter Jackson, zilizotoka 2001, 2002 na 2003, nimezirudia mara nyingi, na kila mara nikifika kwa Faramir nakunja uso.

Kwa ambaye hajaisoma: riwaya ya J.R.R. Tolkien, iliyochapishwa 1954 na 1955, inahusu pete ovu ambayo karibu kila anayeisogelea huitamani. Frodo, mmoja wa mahobiti, watu wafupi wapenda chakula na utulivu, ametumwa kwenda kuiteketeza. Njiani anaangukia mikononi mwa Faramir, kapteni wa Gondor, ambaye kaka yake alishaingiwa na tamaa akajaribu kuipora. Kitabuni Faramir anasema hata angeikuta njiani asingeiokota, kisha anamwacha Frodo aende zake. Msomaji unashusha pumzi. Kwenye filamu anamburuta hadi Osgiliath, akitaka pete ipelekwe kwa baba yake. Mwishowe anamwachia, ndiyo, lakini huyo si Faramir wangu.

Si kwamba waandishi wa filamu hawakusoma. Sababu wameieleza wenyewe: umemtia mtazamaji hofu ya pete kwa saa kadhaa, halafu anatokea mtu wa kuipuuza kirahisi, basi pete imekwisha makali. Kitabuni msimulizi anaweza kutuingiza moyoni mwa mtu tukajua kinachompa nguvu. Kamera inaona uso na vitendo tu. Tena pambano la Frodo na buibui Shelob, lililo karibu na mwisho wa juzuu ya pili, lilisogezwa hadi filamu ya tatu, kwa hiyo filamu ya pili ikakosa kilele upande wa Frodo. Faramir ndiye akatwishwa mzigo huo. Hoja naielewa. Inaniuma vilevile.

Lakini kuna mahali nimeshindwa kesi. Kitabuni, mioto ya kuomba msaada inayowashwa vileleni imepewa mistari michache tu: hobiti Pippin yuko juu ya farasi usiku na mchawi Gandalf, anaona moto, anaelezwa ni nini, safari inaendelea. Jackson aliichukua mistari hiyo akaipandisha kwenye milima ya New Zealand. Moto wa kwanza unashika. Mbali kule, juu ya theluji, nukta nyekundu inaitikia, kisha nyingine, na nyingine, muziki ukipanda nayo. Hapo hata mimi sinong'oni.

Wengi hulalamikia kukatwa. Mimi naona kurefushwa ndiko kubaya zaidi. The Hobbit, kitabu kimoja cha watoto cha 1937, kilitolewa filamu tatu, 2012 hadi 2014. Kitabuni, kwenye vita vikuu vya mwisho, shujaa wetu Bilbo anapigwa jiwe kichwani, anazirai, akizinduka vita vimekwisha. Utani mtamu kabisa wa Tolkien! Filamu ya tatu imejengwa karibu yote juu ya vita hivyo.

Halafu kuna maudhi yasiyo na wa kulaumiwa. Ukisoma, sura za watu unazichora mwenyewe, na usipomuuliza mtu utadhani ndizo zenyewe. Frodo wa kitabuni anaanza safari akiwa na miaka 50. Elijah Wood, aliyemwigiza, alikuwa na miaka 18 upigaji picha ulipoanza mwaka 1999. Nimejaribu kumrudisha mtu mzima wangu. Anatembea kurasa mbili tatu, kisha yale macho makubwa ya kijana yanarudi na kukaa. Gandalf naye alikwenda hivyohivyo. Faramir tu ndiye bado ana sura niliyompa mimi.