Bastola ya .22 ikifyatuliwa tupu, kinachoumia si nyundo

Ujumbe ule ule unazunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp hapa Arusha: ukifyatua rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ndogo ya .22 (kipimo cha risasi) bila risasi, hata mara moja, nyundo, yaani sehemu ya nyuma inayoshuka kupiga, inakatika. Sivyo. Risasi hii huwashwa kwa kugongwa ukingo wa ganda. Chemba (tundu la risasi) ikiwa tupu, pini (kijiti cha chuma kinachogonga risasi) inaweza kugonga chuma cha mdomo wa chemba. Pini huwa butu, ukingo wa chemba huingia kishimo. Rivolva nyingi za kisasa zimeundwa pini isifike huko, soma kitabu chake.

Toa risasi zote, kagua kila tundu, kisha mulika ukingo wa kila tundu kwa tochi. Alama kama ya ukucha ndiyo dalili.

Kwenye rivolva nyingi za zamani pini imefungwa kwenye nyundo yenyewe. Ncha ikikatika, watu husema nyundo imevunjika. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.